Kichocho cha Kilosa na Kisukari cha Utotoni

Mto Mkondoa, upitao mjini Kilosa, umewapa watu wa bonde lake mpunga na mboga, na pia umewapa kichocho. Mtoto aingiaye majini kuoga au kuvua hupenywa ngozi na vijidudu vitokavyo kwa konokono. Baadaye hukojoa damu, na asipotibiwa kwa miaka mingi kibofu chake huharibika. Maradhi haya si mageni kutoka Kilosa hadi Mikumi. Nani angalidhani kwamba katika adui huyu watu wangetafuta dawa?

Mwaka 1968 daktari Mwingereza, Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya kinga kuushambulia mwili wenyewe yalikuwa haba mno huko, akakisia kuwa vimelea, hasa vya malaria, ndivyo sababu. Kisukari cha utotoni kimo katika maradhi hayo: kinga huziua chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Dar es Salaam, hesabu ya miaka 10, kutoka 1982 hadi 1991, ilionyesha wagonjwa wapya wasiofika 2 kwa mwaka katika kila vijana 100,000. Finland watoto walizidi 30. Lakini hesabu hiyo isimezwe nzima, maana mtoto afaye kabla ya kupimwa hahesabiwi.

Walioushika uzi huo ni Anne Cooke na wenzake wa Cambridge. Mwaka 1999 walieleza kwamba panya wa ukoo wenye kuelekea kisukari, walipoambukizwa kichocho cha matumbo, walikingika. Mwaka 2003, pamoja na Paola Zaccone, walionyesha kuwa hata mnyoo hai hahitajiki; dondoo la mayai yake lilitosha, mradi lianzwe mapema. Yaani mnyoo huituliza kinga ili asiuawe, na utulivu huo hulinusuru kongosho.

Panya, hata hivyo, si mwanadamu. Hadi leo hakuna dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa wagonjwa wa kisukari. Tena mnyoo wa Kilosa ni wa kibofu, si yule wa Cambridge. Na katika visiwa vya Koome, Uganda, uchunguzi ulioanza 2012 ulionyesha kwamba kuwatibu watu minyoo mara nyingi zaidi hakukuwazidishia mzio, kama ilivyohofiwa. Basi haipo hoja ya kumnyima mtoto wa Mkondoa vidonge vyake vya prazikwanteli. Kinachotafutwa maabara ni kile kitulizacho ndani ya yai, kitenganishwe na kile kitoboacho kibofu.