Jina lililofichwa nyuma ya Robin Hood

Septemba 25, 2025 ilitimia miaka 70 tangu ITV ya Uingereza ianze kuonyesha The Adventures of Robin Hood, tamthilia ya yule jambazi wa msituni anayewapora matajiri akawape maskini. Anayekumbukwa ni Richard Greene, mwigizaji. Ring Lardner Jr., mmoja wa walioandika vipindi vya mwanzo, hakutajwa kwa jina lake.

Hakuwa mwandishi wa kuokoteza. Mzaliwa huyo wa Chicago alitwaa Oscar akiwa na miaka 27 tu, kwa filamu ya Woman of the Year aliyoiandika na Michael Kanin.

Mkosi ulianza Oktoba 1947. Kamati ya Bunge la Marekani, chini ya J. Parnell Thomas, ilimtaka aseme kama ni mkomunisti. Akajibu kwamba angeweza kulijibu swali hilo, ila kesho yake asubuhi angejichukia. Thomas aliamuru aondolewe kizimbani. Studio ya Fox ikamtimua, na mwaka 1950 akafungwa Danbury, Connecticut, kwa kulidharau Bunge.

Huko gerezani akamkuta nani? Thomas yuleyule, sasa mfungwa mwenzake! Mheshimiwa alikuwa ameorodhesha wafanyakazi hewa ofisini kwake na kutia mishahara yao mfukoni. Danbury alipewa kazi ya kutunza kuku. Inasimuliwa kwamba siku moja alimwona Lester Cole, mwandishi mwingine aliyefungwa, akifyeka nyasi kwa mundu, akamkejeli: na nyundo yako iko wapi? Cole akamjibu kwamba Thomas naye bado anazoa kinyesi cha kuku, kama alivyofanya bungeni.

Alipotoka, studio za Hollywood hazikumwajiri tena kwa jina lake, na alinyimwa pasipoti. Mtayarishaji Hannah Weinstein, Mmarekani aliyehamia London, ndiye aliyempa kazi. Lardner na mwandishi mwenzake Ian McLellan Hunter waliandika wakiwa New York, wakibadilisha majina ya bandia. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2000, Lardner anasema tamthilia hiyo iliwapa nafasi ya kuisema jamii kwa mafumbo.

Jina lake lilirudi na filamu ya The Cincinnati Kid mwaka 1965. Filamu ya M*A*S*H ikampa Oscar ya pili. Alifariki Oktoba 31, 2000.

Bado vipindi vile vinatazamwa, na jina lake halimo. Wafanyakazi hewa wa Thomas walikuwa na majina bila kazi. Lardner alikuwa na kazi bila jina.