Zima, Subiri, Washa: Historia Fupi ya Friji, Kutoka London hadi Kongo

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Safari hii sababu si kazi ya ofisini, ni friji ya mama. Kisa chenyewe kimenirudisha kwenye vitabu vya historia na fizikia kwa mara ya kwanza tangu nimalize digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, kwa hivyo vuteni viti.

Kwanza tuelewane. Kongo ninayoisema si ile nchi yenye mto mkubwa. Ni Kongo yetu ya Kawangware, hapa hapa Nairobi. Mama ana duka dogo pale, anauza maziwa ya kupima, maziwa lala na soda baridi. Kwa hivyo friji kwake si pambo la sebuleni. Ni mtaji.

Jioni moja stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, ikarudi. Friji ikanguruma kidogo, ikatoa mlio wa "tik", ikanyamaza. Nami nikafanya kile ambacho sisi watu wa kompyuta hufanya tukikosa la kufanya: nikaizima nikaiwasha. Tik. Nikazima, nikawasha. Tik. Nadhani nilirudia mara kumi ndani ya dakika tano, hadi harufu ya waya uliochomeka ikajaa dukani. Mama hakusema neno, aliniangalia tu. Asubuhi lita 20 za maziwa zilikuwa zimekatika.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Kibera, mzee mmoja mpole mwenye mfuko wa vyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya kompresa, akasema: "Kijana, stima iliigonjesha, lakini wewe ndiye uliyeimaliza. Hii si kompyuta. Hii ina pumzi. Ukiizima, ngoja kwanza ipumue."

Pumzi gani tena? Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nilichokuta nikitafuta jibu ni hiki.

Tuanze na mtungi. Watu wa pwani walikuwa wakinywa maji baridi karne nyingi kabla ya stima. Maji hupenya polepole kwenye udongo wa mtungi, yakifika nje yanageuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto kidogo. Mtungi haupuliziwi baridi. Unaondolewa joto. Shikeni hapo, kwa sababu friji ni mtungi ule ule, isipokuwa mvuke wake haupotei hewani. Unakamatwa, unashindiliwa, unarudishwa kuwa maji, kisha unazungushwa tena.

Wazo la kuukamata mvuke lilipata hataza mwaka 1834 mjini London, kwa jina la Mmarekani Jacob Perkins. Mzunguko wake una sehemu nne, na hadi leo ndizo hizo hizo. Kompresa hushindilia gesi mpaka inapata moto. Koili ya nyuma huachia joto hilo chumbani na gesi inageuka kimiminika. Kijia chembamba hukibana kimiminika hicho ili presha ishuke ghafla. Koili ya ndani hukiacha kichemke na kuvuta joto kutoka kwenye chakula. Halafu gesi hurudi kwa kompresa. Kwa lugha ya kazi yangu, ni kitanzi kisicho na mwisho :-)

Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliandika kwamba mashine ya namna hii ingeweza kupasha majengo joto au kuyapoza. Huko Austria, katika miaka hiyo hiyo ya 1850, mhandisi Peter von Rittinger alijenga mtambo wa aina hiyo wa kuvukizia maji ya chumvi. Leo tunaiita pampu ya joto. Jina hilo linasema ukweli kuliko "friji": mashine haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka hapa kwenda pale. Ndiyo maana ukiacha mlango wa friji wazi ili upoze nyumba, nyumba inazidi kuwa moto. Na ndiyo maana friji iliyobanwa kwenye ukuta wa mabati saa nane mchana inateseka. Inataka kutupa joto, na pa kulitupa hapana.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hivyo wengi wetu hatuna viyoyozi nyumbani kama ndugu zetu wa Mombasa. Pampu ya joto pekee tunayoishi nayo ni friji. Wenye kiyoyozi msiondoke, zamu yenu inakuja.

Sasa turudi kwa pumzi ya mzee. Friji za kwanza za nyumbani zilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, ambazo zikivuja zinaweza kuua. Dawa ya kwanza ilikuwa kufungia mota na kompresa pamoja ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa friji iliyoitwa Monitor Top, yenye chungu hicho juu ya kichwa chake, na zikauzwa zaidi ya milioni moja. Dawa ya pili ilikuwa gesi mpya. Thomas Midgley, yule yule aliyetia risasi kwenye petroli, alianza kuitafuta mwaka 1928. Mwaka 1930 aliivuta kifuani mbele ya wanasayansi wenzake na kuzimia mshumaa kwa pumzi yake, kuonyesha kwamba haina sumu wala haiwaki. Ndiyo Freon, au R-12.

Friji ikawa salama, na watengenezaji wakaanza kupunguza gharama. Badala ya vali, wakaweka bomba jembamba la shaba, jembamba kama uzi mnene. Halina sehemu inayosogea, haliharibiki ovyo, na bei yake ni ndogo. Lakini wakati friji inafanya kazi, upande mmoja wa bomba hilo una presha kubwa na upande wa pili presha ndogo. Ukizima ghafla, presha hizo hazilingani papo hapo. Gesi inapenya polepole kwenye kijia chembamba, na inachukua dakika kadhaa. Kwa kuwa mfumo hutulia kabla ya kuwashwa tena, mtengenezaji anaweza kuweka mota ndogo ya bei nafuu isiyoweza kuanza kusukuma dhidi ya presha kubwa.

Pumzi ya mzee ndiyo hiyo. Ukiwasha kabla presha haijalingana, mota inakwama. Haizunguki, inanguruma tu, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida na kupata moto, mpaka kikinga kidogo kilichobandikwa ubavuni mwake kikate. Tik! Na mimi kila nikizima na kuwasha nilikuwa nikirudisha moto kabla ule wa kwanza haujatoka. Zaidi ya hayo, friji nyingi zina kianzishio ambacho hufanya kazi kikiwa kimepoa tu, nacho kinahitaji dakika zake.

Hapo niliona kosa langu waziwazi. Kompyuta ukiizima inasahau, na ndiyo maana kuizima na kuiwasha kunasaidia. Friji ukiizima haisahau. Kumbukumbu yake iko kwenye presha na kwenye joto, na hakuna kitufe cha kuzifuta. Muda peke yake ndio unaozifuta.

Waliobuni mfumo huu walikuwa na stima isiyokatika mara kwa mara. Kwetu historia ni nyingine. Kampuni za kwanza za stima za Mombasa na Nairobi zilianza mwaka 1908, zikaungana mwaka 1922, na kwa miaka mingi mitaa kama yetu haikuwa kwenye ramani yao. Tulipounganishwa tulipata na kukatika kwake. Wanaokumbuka mwaka 2000 wanaujua mgao wa stima ulioletwa na ukame. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa usiku bila stima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Mota ya friji haiumizwi na giza, bali na stima inayorudi ikiyumba. Nguvu ya kuanza ya mota hushuka kwa mraba wa volti. Volti 240 zikishuka hadi 180, yaani robo tatu, nguvu inabaki kama asilimia 56 tu. Mota ndogo, presha kubwa, stima dhaifu. Hesabu haitoki.

Kuna mlango mwingine wa historia hii ambao sikutarajia, nao uko upande wa pili wa jiji letu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya Freon zingeweza kuharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1985 Waingereza walitangaza kwamba ozoni ilikuwa imepungua vibaya mno juu ya Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal, na aliyewasukuma sana kwenye meza ile ni Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Makao yake makuu yako wapi? Gigiri, Nairobi! Sekretarieti ya ozoni iko hapo mpaka leo. Kisha mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza pia gesi zilizochukua nafasi ya Freon, kama R-134a, kwa sababu zinapasha dunia joto.

Ndiyo maana friji nyingi mpya zina R600a, yaani isobutani. Ni nzuri kwa anga, lakini inawaka. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida hakizidi gramu 150, ila fundi akiingiza moto wa kuchomelea kwenye bomba ambalo bado lina gesi, ni hatari. Mzee wetu alisoma kwanza kibandiko cha kompresa. Alipoona R600a aliitoa friji nje, akakata bomba kwa kikatio wala si kwa moto, akangoja gesi iishe. Maamuzi ya Gigiri na Kigali yalikuwa yamefika Kongo kwenye kibandiko kile, na mzee alikuwa anajua kukisoma. Je, fundi wako anakisoma?

Haya, mliongojea hatua, hizi hapa:

1. Stima ikipotea, chomoa plagi. Ikirudi, ngoja itulie dakika kadhaa ndipo uchomeke.
2. Friji ikinguruma na kutoa "tik", chomoa. Usirudie papo hapo. Ngoja angalau dakika 5, na kama kompresa ni ya moto sana kuishika, ngoja nusu saa. Jaribu mara moja. Ikikataa, ita fundi.
3. Nunua kikinga friji, kile kiboksi kinachokata stima mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuirudisha.
4. Friji haipoi vizuri? Ichomoe, futa vumbi kwenye koili ya nyuma, iache mbali kidogo na ukuta. Kisha bana noti kwenye mlango: ikichomoka bila kushikwa, mpira umelegea.
5. Barafu ikijaa, zima iyeyuke yenyewe. Kisu hutoboa koili, na gesi ikitoka imetoka.
6. Kwa wenye viyoyozi vinavyopoza na kupasha joto: hakikisha rimoti iko kwenye alama ya theluji, si ya jua. Osha chujio. Kikigoma, kizime kwenye swichi yake ya ukutani, ngoja dakika 5, washa.

Kuhusu hicho cha mwisho, ndani ya viyoyozi vya siku hizi kuna bodi yenye programu, na kwa kawaida programu hiyo hukataa kuwasha kompresa mpaka dakika kama tatu zipite tangu izimwe. Ukibonyeza rimoti unadhani imeharibika. Haijaharibika, inangoja ipumue. Mahali fulani programa kama mimi alimsikiliza fundi kama yule mzee, akayageuza maneno yake kuwa mistari michache ya kodi.

Kompresa ya mama ilikuwa imekufa kweli. Tuliweka nyingine, gharama nikalipa mimi, na lita 20 pia. Sasa kuna karatasi juu ya plagi ya duka, mwandiko wa mama mwenyewe: NGOJA. Nikipita karibu nayo ananitazama, nami naweka mikono mfukoni.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na stima ikipotea leo, mnajua la kufanya.