Sindano ya Tabibu Veres

Fikiri, msomaji, umeamriwa kutoboa ngozi ya ngoma usiguse yai lililo chini yake. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomkabili János Veres, tabibu wa Hungaria, katika miaka ya 1930. Zama hizo kifua kikuu hakikuwa na dawa ya kukiua. Matabibu walitia hewa kati ya mbavu na pafu, ili pafu lililougua lisinyae na kupumzika. Sindano ikizidi kidogo tu, pafu lenyewe hutoboka.

Veres akatia ndani ya sindano kali mrija wenye ncha butu, unaosukumwa na kamani. Ukikutana na nyama, mrija hurudi nyuma, makali yakakata njia. Mara sindano ifikapo penye uwazi, kamani huufyatua mrija mbele, nayo makali hayadhuru tena. Habari hiyo aliichapisha kwa Kijerumani mwaka 1938.

Dawa zilipopatikana, tiba ile ya hewa ikaachwa, lakini sindano haikuachwa. Wapasuaji waliipeleka tumboni: hupitisha gesi, ukuta wa tumbo ukainuka mbali na matumbo, kisha huingiza bomba lenye kamera kwa tundu dogo. Hata hivyo sindano haina macho, na yaweza kuchoma mshipa. Ndiyo maana wapasuaji wengine hukata kidogo kwanza, wakatazama, ndipo waingie.