Muumini na msharika

Kwa Walutheri wa KKKT, kanisa lililozaliwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, usharika ni kama parokia ya Wakatoliki. Ukihamia Mbagala au Tegeta utaulizwa, “Wewe msharika wa wapi?” Jibu ni barua ya utambulisho, kisha namba ya bahasha ya ahadi. Muumini hana namba. Neno lake lina mzizi mmoja na imani, na imani haiandikwi daftarini. Lakini msharika naye ana asili njema: ni ndugu wa shiriki, shirika na ushirika, yaani kuwa na fungu pamoja na wenzako. Inaniuma tunapolibana neno hilo ndani ya bahasha. Mama muuza vitumbua anayekaa benchi la nyuma, hana namba, anaitikia sala kwa sauti kubwa kuliko sisi sote: huyo kwangu ni msharika.