Karema na Daktari Wake

Tangu bandari mpya ya Karema ijengwe kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, jina la kijiji hicho cha mwambao wa Ziwa Tanganyika limekuwa midomoni mwa watu. Linatajwa Mpanda, linatajwa Dodoma, linatajwa ng'ambo ya ziwa Kalemie na Moba. Mazungumzo ni shehena, meli na barabara. Akitokea wa kugusia historia, atataja boma la Wabelgiji na kuishia hapo, kana kwamba Karema ilizaliwa siku mzungu alipoweka jiwe la kwanza na ikafa siku alipofunga virago.

Hapo ndipo Karema inapodhulumiwa. Kwa miaka 67, kuanzia 1889 hadi 1956, kijiji hicho kilikuwa na daktari Mwafrika aliyesomea tiba katika Chuo Kikuu cha Malta. Alikuwa amenyakuliwa utotoni na kuuzwa utumwani. Jina lake ni Adrian Atiman, na katika mkoa wa Katavi, ilipo Karema, ni nadra kulisikia likitajwa kwa uzito unaolistahili.

Habari za boma zimesimuliwa mara nyingi, kwa hiyo zipite haraka. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alianzisha kituo Karema katika nchi ya Wabende. Mwaka huohuo tembo wanne wa India walishushwa ufukoni Msasani na kuswagwa bara kuelekea Karema, ili ijulikane kama wanyama hao wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Hakuna tembo aliyebaki hai. Kiongozi wa msafara, Frederick Carter, na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880, wakiwa wamenaswa katika vita vilivyoyahusisha majeshi ya Mtemi Mirambo. Hata ziwa lenyewe liligoma: Mto Lukuga ulipofunguka upande wa Kongo, maji yakashuka, na boma lililojengwa karibu na ufuko likajikuta likitazama nchi kavu.

Kutoka bomani humo Kapteni Émile Storms aliongoza kazi ya kuvuka ziwa. Askari wake walimuua Chifu Lusinga mwaka 1884, na fuvu la chifu likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Leopold alikuwa ameshaipata Kongo yake na hakuihitaji tena Karema, kwa hiyo kituo kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe wa Kardinali Charles Lavigerie. Wabelgiji wenyewe wameiondoa sanamu ya Storms katika uwanja wa Brussels. Katavi hailazimiki kumtunzia heshima ambayo kwao ameshavuliwa.

Kilichokuja baada ya boma ndicho chenye thamani, na chanzo chake ni mbali sana na Katavi.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 Tundurma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa Sahara hadi kusini mwa Algeria, na huko, mwaka 1876, wamisionari wakamnunua ili awe huru. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua Malta taasisi ya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, na Atiman akawa miongoni mwao. Walisomea tiba katika chuo kikuu cha kisiwa hicho, chuo kilichoanza kutoa elimu karne kadhaa kabla ya mtu yeyote Ulaya kuwaza kumfundisha utabibu mtoto aliyevushwa jangwa kama mali.

Mwaka 1881 una uzito wake. Julai ya mwaka huo, Alabama nchini Marekani, Booker T. Washington alifungua shule ya Tuskegee. Miaka mitano kabla yake, mwaka uleule Atiman aliponunuliwa, Nashville ilikuwa imefungua Meharry, shule ya udaktari ya watu weusi walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chuo cha Howard kilikuwa kimetangulia tangu 1867. Nyumbani Afrika Mashariki, shule ya Kiungani katika kisiwa cha Unguja ilikuwa ikiwasomesha wavulana waliokombolewa kwenye majahazi. Vyuo hivi havikuandikiana barua wala kupanga mkakati mmoja, lakini vilizaliwa na swali lilelile: mtu mweusi aliyetoka utumwani apewe elimu gani, na nani aamue?

Marekani swali hilo liliwagawanya watu weusi wenyewe. Washington alitaka ufundi wa mikono kwanza, W. E. B. Du Bois akampinga hadharani mwaka 1903, akisema vijana wenye uwezo wasomeshwe hadi kileleni. Ni ugomvi mkali ambao wasomi wa Marekani wanaurejea hadi leo, na wana haki, kwa sababu waliogombana walikuwa wenye jambo lenyewe.

Vijana wa Malta hawakuulizwa. Lavigerie aliamua peke yake. Aliona tabibu hufunguliwa kila mlango, na kwamba mwenye kazi hiyo anaweza kujitegemea bila kula mkate wa misheni. Katika hilo aliona mbali kuliko wenzake wengi. Lakini alitaka pia vijana wake wabaki Waafrika katika chakula, mavazi na makazi, wasizoee maisha ya Kizungu. Hivyo waliandaliwa kurudi barani wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja, si kufungua zahanati Valletta au Paris.

Kutokana na mpango huo wapo wanaosita kumwita Atiman daktari. Husema mafunzo ya Malta yalikuwa ya namna ya pekee, hayakukusudiwa kumpa mwanafunzi nafasi sawa na mwenzake wa Kizungu. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inamwadhibu mwanafunzi kwa uamuzi wa mwalimu. Kijana aliketi darasani, akajifunza mwili wa binadamu, magonjwa na dawa, akafuzu alichopewa. Mipaka ya cheti iliwekwa na watu waliotaka arudi Afrika. Haikuwekwa na akili yake. Na kama kipimo ni kazi, pana watabibu wangapi wa zama zile, wa rangi yoyote, waliokaa kituo kimoja kwa miaka 67?

Alifika Karema mwaka 1889, baada ya safari ya meli hadi Zanzibar na ya miguu kupita Tabora. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa mgeni katika kila jambo: lugha, vyakula, hata imani aliyozaliwa nayo haikuwa ya watu wa pale. Wabende na Wafipa waliomwona waliona Mwafrika, lakini Mwafrika wa kutoka upande wa pili wa bara, aliyejua Kiarabu cha jangwani na Kifaransa cha mapadre kabla ya Kiswahili. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, akawa mtu wa nchi. Mtoto wao Joseph akawa padre.

Kazi ilikuwa nzito. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kutoka Kongo, na baadhi ya waliokombolewa waliletwa misheni wakiwa na vidonda, njaa na ndui. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakaukumba mwambao wote wa Tanganyika na kuhamisha vijiji. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondoka, Wabelgiji wakapita, Waingereza wakatawala. Maofisa wa serikali walihamishwa, mapadre walikufa au walirudi kwao. Atiman alibaki. Mtoto aliyetibiwa naye mwaka 1890 aliweza kumleta mjukuu wake kwa daktari yuleyule.

Shule ya udaktari ya Makerere huko Mulago, Uganda, ambako Watanganyika wa kwanza wa kizazi kilichofuata walikwenda kusomea tiba, ilianza mwaka 1924. Atiman alikuwa ameshatibu Karema miaka 35. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963, miaka saba baada ya kifo chake. Kila orodha ya madaktari wa Tanzania inayoanzia Makerere imeanza kuhesabu katikati.

Waandishi wa misheni, ambao ndio hasa waliolihifadhi jina lake, nao wana lao la kujibu. Roger Fouquer aliandika kitabu kizima juu yake kwa Kifaransa mwaka 1964, na katika jina la kitabu akamweka kwenye nyayo za Mtakatifu Vincent de Paul. Anayesomwa humo ni mtumwa aliyekombolewa, mnyenyekevu, mwenye shukrani. Uchaji wa Atiman ulikuwa wa kweli, na hakuna sababu ya kuuficha. Ila mtu aliyezama katika kazi ya utabibu kwa miongo sita hawezi kuelezwa kwa shukrani pekee. Alikuwa mwanataaluma. Alipima, alikata, alifunga, alikisia, alishindwa na wagonjwa wengine na kuwazika.

Tena alijieleza mwenyewe. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records la Dar es Salaam lilichapisha simulizi ya maisha yake kwa maneno yake. Huyo ni Mwafrika aliyezaliwa kando ya Mto Niger, akasomea Malta, akiwahutubia wasomi wa koloni kutoka kijiji cha mwambao ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona. Anayetaka kuiandika Karema aanzie kwenye kurasa hizo, ndipo aende kwa Cambier na Storms.

Elimu ya Karema haikuishia kwa mtu mmoja. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 na kuandika kitabu juu ya watu wa mwambao kilichotoka 1913, aliifanya Karema kuwa mahali pa kufundishia makatekista na waseminari. Mwaka 1907 lilianzishwa hapo shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Wakati huo wasichana wa Kiafrika waliofunguliwa mlango wa darasa, achilia mbali uongozi wa shirika lao wenyewe, walikuwa wachache mno katika koloni zima. Mafundisho yalikuwa ya kanisa na kwa ajili ya kanisa, ndiyo. Lakini herufi zilezile zilizosoma katekisimu zilisoma barua, hesabu na, baadaye, magazeti.

Yaliyofuata yanajulikana. Jimbo likahama Karema, na mwaka 1969 likaitwa Sumbawanga. Madini ya risasi ya Uruwira yakaipa Mpanda reli mwaka 1950, na uzito wa eneo ukahamia huko bara. Wakimbizi wa Burundi wakapewa Katumba na Mishamo katika miaka ya sabini. Mkoa wa Katavi ukakatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpimbwe, pale walipoangukia Carter na Cadenhead, leo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina la Mizengo Pinda, na vijana wa Katavi wanaweza kusoma shahada bila kutoka mkoani.

Hospitali yenye jina la Dr. Atiman iko Sumbawanga, mkoani Rukwa. Sumbawanga wamefanya vema, wala wasinyang'anywe. Lakini Katavi, ambako mtu huyo aliishi, alioa, alitibu na alifia, ina deni lake mwenyewe. Bandari ina majengo, na mkoa una wodi, maabara, vyuo na mihadhara. Nafasi ya kuandika jina moja haikosekani. Simulizi ya 1946 itolewe kwa Kiswahili chepesi na ipelekwe katika kila sekondari kutoka Karema hadi Inyonga, iwe mikononi mwa wanafunzi wa baiolojia na wa historia kwa pamoja. Na viongozi wa mkoa watakapowapeleka wageni kutazama boma, wawaeleze pia kwamba katika kijiji hicho alifanya kazi daktari wa Malta kwa miaka 67.