Utoaji mimba: haki, ruhusa au kinga?

Binti wa Lembeni, Tanzania, akikimbizwa hospitali, Mwanga au Same, huku anavuja damu, majirani huulizana: mimba imeharibika au ameitoa? Mimba iliyoharibika haina mtendaji, na aliyeipoteza hupewa pole. Iliyotolewa ina mtendaji, naye hutafutiwa kosa. Kitenzi cha Wakenya, kuavya, nacho hudai mtendaji.

Istilahi iliyozoeleka katika sheria ni utoaji mimba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bara, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayempatia dawa au vifaa. Lakini vifungu hivyo, vya 150 hadi 152, vyote vina sharti moja: kitendo kiwe kimefanywa isivyo halali. Kifungu cha 230 kinaonyesha uhalali ulipo: mtabibu anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa ujuzi, ili kuokoa maisha ya mama, hana hatia. Mtaani sharti hilo hudondoka, ikabaki “kutoa mimba ni kosa”, basi.

Katiba nazo hutofautiana. Ya Tanzania ya 1977, ibara ya 14, inalinda haki ya kuishi bila kutaja mimba. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inakataza, kisha inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Marekani, Mahakama ya Juu iliondoa ulinzi wa kitaifa wa haki ya kutoa mimba Juni 2022, suala likarudi majimboni. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Michigan waliiingiza haki hiyo katika katiba ya jimbo lao.

Kwa hiyo “haki ya kutoa mimba” ni tafsiri inayoifaa Michigan. Kwa Kenya, neno la karibu zaidi ni ruhusa yenye masharti. Kwa Tanzania bara ni kinga: sheria haimpi mama dai, inamwondolea mtabibu hatia.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Anayetafsiri vifungu hivyo asiache “isivyo halali” ikapotea njiani. Bila maneno hayo mawili, mtabibu anayesoma Kiswahili peke yake atadhani anakatazwa hata kumwokoa mama anayekufa.