Hat-triki: Safari ya Istilahi Moja ya Michezo hadi Mbau

Mbau ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Beni, katika Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara itokayo Kasindi, mpakani mwa Uganda, na kuelekea Oicha, Komanda na hatimaye Kisangani. Hapo ndipo inapoanzia pia njia ya Kamango. Katika mahali pa namna hii maneno hupita pamoja na bidhaa. Mchezaji mmoja afungapo mabao matatu katika mchezo mmoja wa kandanda, tendo lake huweza kumfikia msemaji wa Kiswahili wa huko kwa majina mawili ya Kifaransa, yaani triplé na coup du chapeau, na kwa jina la tatu, hat-triki, ambalo asili yake ni Kiingereza na ambalo limeenezwa na Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Mara nyingi yote matatu hufasiliwa kwa maneno mawili tu: mabao matatu. Fasili hiyo ni fupi mno, na historia ya istilahi yenyewe inaikanusha.

Asili ya jina si kandanda bali kriketi. Mwaka 1858, mjini Sheffield, Uingereza, mrushaji H. H. Stephenson wa timu ya All-England aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watu walichanga fedha kwa ajili yake, na kwa fedha hizo ikanunuliwa kofia akatunzwa. Kufikia miaka ya 1870 tendo la namna hiyo lilikwisha kuandikwa kwa jina linalounganisha kofia na ufundi. Yafaa ikumbukwe kuwa neno la pili katika jina hilo, kwa Kiingereza, hubeba maana ya hila na vilevile maana ya ustadi. Ndiyo sababu wengine hudhani kwamba jina limetokana na mfanya mazingaombwe atoaye sungura kofiani. Dhana hiyo inavutia, lakini kofia ya Sheffield ilikuwa tunzo, nayo haikutolewa kitu ndani yake. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba hapo mwanzo masharti yalikuwa mawili: utatu na mfululizo. Mrushaji aliyewatoa watatu kwa kuachanisha hakustahili jina.

Jina lilipovuka bahari na kuingia katika besiboli ya Marekani, lilipata mkasa wa ajabu. Zamani lilitumika kumsifu mpigaji aliyekamilisha katika mchezo mmoja aina zote nne za mapigo: la kumfikisha kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na lile la kumzungusha vituo vyote hadi nyumbani. Baadaye maana iligeuka kichwa chini miguu juu. Katika lugha ya wachezaji wa leo, mpigaji aliyepata hat-triki ni yule aliyetolewa mara tatu katika mchezo mmoja kwa kushindwa kuupiga mpira. Akitolewa mara ya nne, husemwa kwamba amevikwa sombrero ya dhahabu, yaani kofia pana ya Kimeksiko, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu na hivyo yastahili kofia kubwa zaidi! Tunzo imekuwa kejeli. Wala mchezo huu hauko mbali sana na Mbau kama inavyodhaniwa: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Maana ya pili ya jina iko ng'ambo ya mpaka tu.

Katika kandanda sifa ilibaki, ila masharti yalilegea. Wajerumani hutofautisha hat-triki iliyo safi, ambayo mabao yake matatu hufuatana katika kipindi kimoja bila ya bao la mtu mwingine kuingia kati, na ile ya kawaida. Wengine hawajali. Tofauti hii si ya vitabuni tu, kwani inagusa historia ya Kongo yenyewe. Tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Zaire ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia, hali kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, naye alikuwa Myugoslavia. Dušan Bajević alifunga matatu, la kwanza katika dakika ya 8 na la mwisho katika dakika ya 81, na katikati wenzake walikuwa wakifunga yao. Kwa kipimo cha Sheffield, Bajević hakustahili kofia. Kwa kipimo cha magazeti alistahili, na ndivyo ilivyoandikwa.

Kiswahili kimelipokeaje jina hili? Tafsiri sisisi haifai. "Hila ya kofia" ingemfanya msomaji atafute mlaghai. Aidha kofia ina makao yake katika Kiswahili: mtu humvulia kofia anayemheshimu, na huko Pwani kofia iliyodariziwa ni vazi la staha. Katika Zaire ya miaka ile kofia iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya ngozi ya chui, juu ya kichwa cha Rais Mobutu. Waandishi wa michezo wa Tanzania wamepata njia iliyo bora zaidi: husema kwamba mfungaji "ameondoka na mpira". Hapa kofia imetupwa, lakini tunzo imehifadhiwa, maana mfungaji wa mabao matatu huchukua mpira wenyewe uliochezewa. Msemo huu unamfaa Abdallah Kibadeni, aliyefunga matatu tarehe 19 Julai 1977 Simba ilipoishinda Yanga 6 kwa 0. Ungeweza kueleweka Mbau bila ya maelezo, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya hat-triki wala coup du chapeau. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na kriketi haikuota mizizi huko. Jina lilifika bila ya mchezo uliolizaa.

Hata hivyo, istilahi yoyote ya utatu ina upofu wake. Mnamo Machi 1974, miezi mitatu kabla ya Gelsenkirchen, Ndaye Mulamba aliipatia Zaire Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Alifunga mawili dhidi ya Guinea, moja dhidi ya Mauritius, mawili dhidi ya wenyeji Misri katika nusu fainali, mawili katika fainali iliyokwisha 2 kwa 2 na Zambia, na mawili mengine fainali iliporudiwa. Jumla ni mabao 9, na hakuna aliyezidisha idadi hiyo katika mashindano mamoja tangu hapo. Katika michezo yote hiyo hakuondoka na mpira hata mara moja. Siku ya Bajević huko Gelsenkirchen, Ndaye alitolewa uwanjani kwa kadi nyekundu kwa kosa lililotendwa na mwenzake. Alifariki dunia Afrika ya Kusini mnamo Januari 2019.